Sello Iliyobaki Garini

Asubuhi hiyo nilikuwa Suwaidi, mtaa wa Riyadh nilikoishi, naosha gari huku nikigombana na Otieno, mwenzangu wa chumba, aliyemaliza sabuni yangu. Kazi yangu ya siku ilikuwa moja tu: kumchukua Mzee Arseni mtaa wa Olaya na kumfikisha uwanja wa ndege aende Jeddah. Saa mbili simu zikasema ndege hazipai. Makombora yalikuwa yakirushwa Riyadh tangu juma lililotangulia, na sisi madereva tulijifanya tumeshazoea. Uongo mtupu. Mlango ukibamizwa, sote tulikuwa tunaruka.

Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini nchini humo, alikuwa na shule ndogo ya muziki, na Mzee Arseni, Mrusi wa miaka sitini na kitu, ndiye aliyefundisha sello pale. Sello ni fidla kubwa ambayo mpigaji huibana katikati ya magoti. Yeye alianza akiwa na miaka sita. Hii aliyokuwa nayo aliachiwa na mwalimu wake, akaipiga miaka thelathini katika okestra ya mji wao na kutunga nayo muziki uliochezwa redioni. Kisha nchi yake ikaingia vitani. Wakamletea karatasi aweke sahihi kwamba anaviunga mkono vita hivyo. Akakataa. Jina lake likatoka kwenye mabango, muziki wake ukatoka redioni, naye akatoka nchini na sello na begi moja. Mwanawe Kolya hakuwahi kutoka. Walimchukua jeshini.

Kolya alikuwa amemwomba babake jambo moja kwa simu kutoka huko mstari wa mbele: amrekodie sello ya nyumbani, ile aliyojifunzia utotoni. Mzee akamtungia muziki mpya kabisa. Alitaka kuupiga Jeddah, kwenye ua wa nyumba ya kale huko mji mkongwe wa Balad, kwa sababu alisema zile kuta za mawe zinaitikia vizuri, na mwenyeji wake alikuwa na mitambo ya kurekodi.

"Twende kwa barabara," akaniambia nilipomfikia Olaya.

"Mzee, hiyo ni safari ya saa kumi."

"Basi mbona bado tumesimama? Yalla!"

Alikuwa na haraka ya mtu anayefukuzwa. Akailaza sello kiti cha nyuma, akaifunga mkanda, akaifungua, akaifunga tena. Nikawasha gari na hewa baridi. Jua lilikuwa kali, mwezi wenyewe ule ambao huwezi kushika usukani bila kitambaa.

Simu zetu zikalia kwa pamoja: tahadhari ya makombora.

Nilizima gari. Nikachomoa ufunguo. Nikafunga milango.

Mkono ndio uliofanya, si kichwa. Dereva wa kafili haachi gari likinguruma barabarani. Likiguswa, ni shingo yako. Nikamshika Mzee mkono tukakimbilia maegesho ya chini ya jengo, walipokuwa wamejazana wafagiaji, walinzi na watu wa ofisini.

Kishindo cha kwanza kilikuwa mbali.

Cha pili kilitikisa taa.

Mzee akanigeukia. "Wafula, umezima gari."

"Ndiyo."

"Sello imeshikwa kwa gundi. Joto litaiachanisha. Nipe ufunguo niwashe hewa baridi, dakika moja tu."

"Mzee, hapana. Mlinzi amesema tusitoke."

"Dakika moja!"

Niliubana kwa kiganja mfuko wa suruali wenye ufunguo. Akanyoosha mkono, nikausukuma. Mimi, mtu wa Bungoma niliyefunzwa adabu, nikamsukuma mtu wa umri wa baba yangu mbele ya watu. Akakaa chini sakafuni, akawa anatazama saa yake.

Tulikaa humo kwa muda wa karibu saa tatu.

Mabaki ya kombora yaliangukia mtaa mwingine. Kwenye mtaa wetu hakuna hata kioo kilichopasuka. Nilipofungua mlango wa gari, joto lilitupiga usoni kama la tanuri ya mkate. Mzee akafungua kasha. Uso wa sello ulikuwa umeachana na mbavu zake, nyuzi zimelegea, na kijiti cha ndani kinachobeba sauti kilibingirika kikagonga mbao. Rangi yake ilikuwa imetoka malengelenge.

Ningefurahi kama angenitukana. Alilifunga kasha polepole, akakaa kiti cha mbele.

Nilimwambia nilikuwa namwokoa. Nusu ya hayo ni kweli. Nusu nyingine sijawahi kumwambia: kule chini nilikuwa naliona gari limeharibika na mimi nimesimama mbele ya baba, yaani kafili, nikijieleza huku ikama yangu, kibali changu cha kuishi, iko mkononi mwake. Nililihurumia gari la mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake.

Tuliendesha hadi Jeddah, na huko walimwazima sello ya mwanafunzi. Alipiga akiwa ameketi wima, bila kufunga macho, watu waliokuja kusikiliza wakasimama kumpigia makofi, nami nikalia nyuma kabisa karibu na viatu vilivyovuliwa mlangoni. Usiku ule ule akautuma muziki kwa Kolya.

Siku ya tatu jibu likaja, sauti ya kijana iliyochoka. Mzee alisikiliza mara mbili.

"Anauliza hii ni sello ya nani."

Nikamwuliza, "Utamjibu nini?"

Alisema maneno machache kwa lugha yao, akatuma. Nikamwuliza amesema nini.

"Nimemwambia ni yetu. Ni unyevu wa bahari tu, umebadilisha sauti."

"Mzee, si ungemwambia ukweli? Ungesema ni mimi."

"Yuko ndani ya handaki, Wafula. Ana mengi ya kulilia huko."

Ujumbe ulifika. Tuliona alama kwamba umesikilizwa. Kolya hakujibu, na wiki ya tano shangazi yake akapiga simu kusema Kolya ameuawa.

Miaka imepita. Fundi wa ng'ambo aliigundisha sello, na wanaojua wanasema inalia vizuri. Mzee bado hunipigia Krismasi, hunisalimia watoto wangu, na hajawahi kunilaumu. Mara moja tu aliniuliza kama nadhani kijana aliamini kwamba ile ilikuwa sello yao. Nikamjibu, "Aliamini, Mzee." Akahamia habari za watoto wangu, na nikajua kwamba yeye, aliyemfundisha mtoto huyo kusikia, hakuniamini.