Kigari Kipya na Mlima wa Mikono-Mia

Siku yangu ya kwanza garajini Kasongo sikupewa ufunguo wala bisibisi. Nilipewa ndoo ya mazuti, yaani dizeli, burashi iliyobakiwa na nywele chache, na rundo la vyuma vyeusi, nikaambiwa nivioshe mpaka nione uso wangu ndani yake. Aliyeniambia hivyo ni Kapita Saleh, msimamizi wetu sisi wafanyakazi weusi, mzaliwa wa Kasongo mjini, kofia nyeupe kichwani hata akiwa amelala chini ya lori, na mpaka leo sijui alifanyaje isichafuke. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na nilijiona fundi tayari, kwa sababu nilikuwa nimetengeneza baisikeli ya mjomba wangu. Kapita akaniuliza iko wapi hiyo baisikeli. Nikasema imeharibika tena. Alicheka mpaka akakaa chini, na kwa miezi mitatu jina langu pale likawa Baisikeli.

Kazi yenyewe haikuwa kama hii yenu. Ninyi kipande kikifa mnakitupa na kununua kingine sokoni. Sisi kipande kilitoka Kindu, na barua ya kukiomba ilichukua wiki kadhaa kwenda tu, kwa hiyo kilichokufa tulikifufua. Supapu, yaani kile kifuniko kidogo kinachofungua na kufunga mlango wa silinda, tuliisugua kwa mkono juu ya kiti chake na unga wa kusagia, kulia na kushoto, kulia na kushoto, tangu asubuhi mpaka mapadri wapige kengele ya saa sita. Kapita aliijaribu kwa kumimina esansi, yaani petroli, juu yake. Ikivuja tone moja, unaanza upya. Nilimchukia sana kwa tone hilo moja, na baadaye nikawafanyia wengine vilevile bila huruma.

Gari zetu zilikuwa za kampuni iliyonunua pamba ya wakulima, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare. Msimu mmoja walinipeleka depo ya Wamaza kulinda afya ya malori mawili, kisha nikarudishwa Kasongo, na hapo nikamkuta Shefu mpya wa garaji, Mbelgiji mwembamba mwenye hasira ya karibu na kicheko cha karibu zaidi. Nilikuwa nimeshafika mwaka wa saba. Nilifungua moteri, yaani injini, na kuzifunga peke yangu, lakini katika karatasi za kampuni niliandikwa "msaidizi" tu. Msaidizi hasaini kitu. Lori nililolitengeneza mimi lilitoka na jina la Shefu, na likipita mjini watu walisema Shefu wetu ana mikono mizuri. Iliniuma, sifichi. Nilitaka neno moja tu mbele ya jina langu, fundi, na nililitaka kuliko nilivyotaka kuoa.

Sasa sikilizeni habari ya mlima. Ukitoka Wamaza kuelekea Kabambare kuna mlima wa udongo mwekundu ambao sisi watu wa magari tuliuita Mikono-Mia, kwa sababu wakati wa mvua hakuna gari lililoupanda bila kusukumwa. Watu wa kijiji cha chini, Wabangubangu wakulima wa mpunga, walisikia moteri kutoka mbali, wakatupa majembe, wakaja mbio, na wimbo wao wa kusukuma wakaanza hata kabla hujakwama. Kulima barabara walilazimishwa na serikali, na kiboko hakikuwa mbali. Lakini kusukuma gari walikuja wenyewe. Dereva aliwapa chumvi kidogo, akawasomea barua, akawaambia nani amezaa Wamaza na nani amekufa Kasongo, akabeba mgonjwa wao kama yuko. Aliyeongoza wimbo ni Mama Feza, mjane mwenye sauti ya kuamsha soko zima, na kama hukumsalimia vizuri, gari lako lilibaki katika matope mpaka adabu ikurudie.

Basi siku moja Shefu akatuita ofisini, mimi na Kapita. Direkta, mkuu wa kampuni kule Kindu, alikuwa ameandika barua. Kampuni ilitaka kuwanunulia mawakala wa Kabambare magari madogo, na kile kigari cha mviringo chenye moteri nyuma, ambacho watu wa soko walikiita Kibuyu, kilikuwa kimetengenezwa upya kiwandani. Kimoja kilikuwa njiani kuja kwetu tukijaribu. Bei bado haikujulikana, karatasi yake ingekuja nyuma kwa posta. Shefu alikuwa na kitabu cha picha tu, na alikuwa ameshakata shauri. Kibuyu cha zamani kilikwama kila mahali, na hiki kipya alikiona ni kilekile kilichopakwa rangi.

Niliomba nione picha. Nikaangalia muda mrefu, maana picha ya gari huisomi kwa haraka. Kioo cha nyuma kilikuwa kimepanuliwa. Maandishi ya chini yalisema silinda wamezitoboa pana zaidi kidogo, kwa hiyo nguvu iliongezeka. Vitesi, yaani gia, zilikuwa za namna mpya, zinaingia bila kupiga kelele za meno. Bati lilikuwa lilelile na milango ileile. Nikamwambia Shefu kwamba kigari hiki kitapanda Mikono-Mia peke yake, wakati wa mvua, na watu watatu na gunia mbili za mchele ndani.

Kapita alinikanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amechelewa.

"Na bei?" Shefu akauliza, akitabasamu vibaya.

Pale garajini sisi hesabu za vitu vikubwa tulizifanya kwa baisikeli, maana baisikeli ndiyo kitu kikubwa ambacho mtu wetu aliweza kukinunua na bei yake kila mmoja aliijua. Nikamwambia: bei ya Kibuyu cha zamani, na baisikeli mbili juu yake. Akataka kujua nimeota wapi. Nikasema muuza vitambaa wa Kasongo akiongeza maua mapya pembeni mwa kitenge kilekile, hawezi kukuuzia kwa bei ya kitenge kingine kabisa, lakini kwa bei ya zamani pia hakubali. Ataongeza kidogo ili ujisikie umenunua kitu. Wazungu wa kiwandani nao ni wauzaji.

Shefu alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akasema maneno ambayo niliyakariri kama sala. Kigari kikipanda peke yake, ripoti ya Direkta itatoka na jina langu, na mbele yake neno fundi. Kikishindwa, nitarudi kwenye ndoo ya mazuti mwaka mzima na mdomo wangu utabaki umefungwa. Nikakubali. Nje, Kapita akaniambia mimi ni mpumbavu, akanipa sigara yake ya mwisho.

Kigari kilishuka kwenye treni, kikavushwa mto Lualaba kwa baki, yaani kivuko, kikatufikia kinang'aa kama sufuria mpya. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Tukapakia gunia mbili, Kapita akabanwa nyuma pamoja nazo, Shefu akakaa mbele, na mimi nikaambiwa nishike usukani, kwa kuwa mdomo ni wangu.

Chini ya Mikono-Mia nikasimama nipunguze hewa ya mipira ya nyuma, maana mpira laini unashika matope vizuri kuliko ule uliojaa. Nikarudi ndani, nikakanyaga ambreyaji, ile pedali inayotenga moteri na magurudumu, nikaingiza vitesi ya kwanza. Na kabla sijaachia mguu, kigari kilikuwa kimeshaondoka. Wimbo ulikuwa nyuma yetu. Mama Feza na watu kama thelathini walikuwa wametukamata kwa mikono, wanatupandisha mbio, na kigari kwa wepesi wake kikaenda nao kama kitanda cha bwana harusi. Mimi nilikuwa napiga kelele waache, wao wakadhani nawahimiza. Tulifika juu kabla moteri haijafanya kazi yoyote.

Shefu alishuka mwekundu kuliko udongo. Akauliza ni nani aliyewaita. Hakuna aliyewaita, na hilo ndilo hakulielewa. Akasema jaribio limekufa, yeye ataandika kwamba gari lilisukumwa, na huo utakuwa ukweli. Niliona ndoo ya mazuti mbele ya macho yangu. Nikamsihi turudi chini mara moja tu. Kapita naye akamsihi, na Kapita hakuwa mtu wa kusihi.

Tukashuka. Sasa kazi ikawa kuwaambia wale watu wasitusaidie, na niaminini, ni rahisi zaidi kuomba msaada. Walinuna. Mzee mmoja akauliza kama mikono yao imekuwa michafu. Nikamwendea Mama Feza, nikamwamkia kwa heshima zote, nikamweleza habari yote, na ndoo pia, na neno fundi pia.

"Motokari iko yenu," akasema. "Mulima iko yetu. Hakuna gari inapita hapa bila sisi."

"Mama, leo tu. Kama hii gari haipande yenyewe, mimi napoteza kazi ya miaka saba."

Alinitazama. Kisha akawageukia watu wake, akawaamuru kila mmoja aweke mikono juu ya kichwa, ili mzungu aone kwa macho yake kwamba hakuna anayegusa. Wakajipanga pande mbili za barabara, wanaume kwa wanawake, mikono juu ya vichwa, kimya. Shefu akaona hivyo akaanza kucheka, akajizuia.

Nikaachia mguu taratibu. Kigari kikalia, nyuma kikateleza kushoto, kikashika. Uzito wa moteri uliyakandamiza magurudumu, na hapo nikajua waliokichora walikuwa na akili. Katikati ya mlima kikapunguza mwendo, kikawa kama kinafikiri. Nilisikia Kapita nyuma anasema bismillahi mara nyingi. Sikuongeza esansi, maana ukiongeza gurudumu linachimba kaburi lake. Nikangoja. Kikafikiri, kikaamua kwenda. Tulipotokea juu nililia mbele ya Shefu, na sikuona haya. Kapita alinipiga mgongoni, kisha gunia la mchele, kisha mgongoni tena. Shefu akanipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza.

Niliteremka kwa miguu kuwashukuru wale watu na kuwapelekea chumvi yao. Nilitarajia vigelegele. Walikuwa wameshashusha mikono, wanaangalia alama za magurudumu katika matope, alama safi, bila unyayo hata mmoja wa mtu.

"Imepanda vizuri," Mama Feza akaniambia. "Sasa mutakuwa munapita tu. Hamutasimama tena."

Nilikuwa nimeshinda, na yeye ndiye aliyenishindia.

Wiki iliyofuata karatasi ya bei ilifika. Shefu akaisoma, akachukua penseli, akahesabu, akaniita. Kigari kilizidi kile cha zamani kwa baisikeli mbili kasoro pampu. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Akaweka karatasi katika mashine ya kuandikia, akaanza ripoti mbele yangu, nguvu, vitesi, mipira, bei, akipendekeza vinunuliwe vitano. Mwisho kulikuwa na sehemu ya maonyo kwa madereva. Akaniuliza kama fundi ana onyo lolote.

Alisema fundi. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka saba, na pamoja na furaha yote niliyokuwa nayo nikamkumbuka Mama Feza, na mdomo wangu ukatoa uongo.

"Ndiyo, Shefu. Moteri hii haina maji, inapozwa na hewa tu. Chini ya Mikono-Mia dereva lazima aizime dakika kumi, ipumuzike. Kwenda na kurudi."

"Dakika kumi? Lazima?"

"Lazima, Shefu."

Kapita Saleh, aliyejua moteri kuliko sisi wote wawili, alianza kutafuta kitu sakafuni. Shefu aliniangalia kidogo, akapiga herufi zake. Halafu akaandika jina langu, na mbele yake lile neno, nami nikasaini.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Shefu alirudi kwao wakati wa uhuru, Kapita tulimzika Kasongo na kofia yake nyeupe, na mimi nilistaafu nikiwa shefu wa garaji mwenyewe, nikiwarudishia vijana supapu zao kwa sababu ya tone moja. Pensheni yangu si ya kuimbiwa nyimbo. Lakini mikono yangu bado inajua, na nikisikia moteri inapita nje nawaambia wajukuu ina ugonjwa gani, wao wananicheka, ndiyo raha ya uzee.

Mwaka jana kijana mmoja wa pikipiki alinipeleka Kabambare kwenye harusi. Chini ya Mikono-Mia akazima. Pale palikuwa na pikipiki nyingine tatu zimezimwa, wanawake wanauza ndizi na karanga, mtu anasoma ujumbe kwa sauti kwenye simu, mgonjwa mmoja anatafutiwa nafasi ya kwenda hospitali. Nikamuuliza kijana kwa nini tumesimama.

"Mzee, hapa moteri lazima ipumuzike dakika kumi," akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mzee asiyejua magari. "Iko sheria ya mafundi wa zamani."

Nikanunua karanga. Lakini ninyi mnaosoma nawaambia, kwa kuwa nimeshazeeka na hakuna wa kunirudisha kwenye ndoo: moteri ile haikuchoka hata siku moja. Dereva msimwambie.