Unga Tuliowapa Wageni wa Ng'ambo ya Ruvuma

Nakumbuka siku ile tulipoingia uwanjani kwa jumbe, vikapu vya unga vichwani, tunaimba mpaka mishipa ya shingo imetutoka. Nilikuwa msichana wa darasa la nne kijijini kwetu, upande wa Nkowe, na usicheke, mwanangu, darasa la nne la zamani hizo lilikuwa la watu wazima. Baadhi ya wenzangu walikuwa wameshaanza kunyoa ndevu. Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu umeniambia kwamba ninyi wanafunzi mnapita mitaani mkichangisha kwa ajili ya wakimbizi, ukanionyesha kwenye simu yako picha za magunia. Ni kazi njema. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kaa hapa kwanza, kuna neno nataka ulibebe pamoja na hayo magunia.

Miaka hiyo Wazungu walikuwa wamefyeka pori la Nachingwea kwa matrekta ili walime karanga, na karanga zikawashinda. Vijana wetu waliokuwa wakipata vibarua kule walianza kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwetu nako mvua ilikuwa imekatika mapema, vihenge vya mtama vilikuwa vinalia ukivigonga, na kila mama alikuwa akiupima unga kwa macho kabla ya kuupima kwa kibaba. Wakati kama huo ndipo walipofika wageni kutoka ng'ambo ya Ruvuma.

Walikuwa familia moja ya Wamakua. Alikuwapo Amadi na mkewe Atija, na watoto wao wawili wadogo, na mama yake Atija, kikongwe wa kutembelea fimbo. Atija mwenyewe alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imeshakua. Huko kwao Mreno alikuwa akiwalazimisha kulima pamba, na ambaye pamba yake haikutosha alipigwa viganjani kwa kibao cha mti. Niliviona viganja vya Amadi. Vilikuwa vimevimba na kupasuka, hata kikombe cha uji hakuweza kukishika. Nilimwona akinyweshwa na mkewe mbele za watu, mwanamume mzima, naye anatazama pembeni. Iliniuma sana, na hata leo nikisimulia inaniuma.

Jumbe wetu alikuwa mjomba wangu, Mjomba Selemani, kaka yake mama. Kwetu sisi, mjomba ndiye mwenye neno. Baba anakupenda, mjomba anakuamulia. Aliwapa wageni banda lililokuwa tupu karibu na msikiti wapumzike, akasema habari ya kuwapa mahali pa kulima ataitolea kauli. Siku zikapita, kauli haikutoka. Kisimani watu wakaanza kunong'ona. Watakula nini hawa? Na Mreno akiwafuata, tutamwambia nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, ila mwaka wa njaa methali hiyo husemwa kwa sauti ndogo.

Sisi wanafunzi tukakataa kunong'ona. Aliyetuongoza alikuwa Saidi, ambaye mama yake alikuwa Mmakua wa Masasi, kwa hiyo Kimakua alikijua. Tena alikuwa na mdomo, Saidi yule. Angeweza kumbembeleza mbuzi arudi zizini mwenyewe. Alitunga wimbo juu ya mateso ya Amadi na mkewe, na kila jioni tukitoka shule tulipita nyumba kwa nyumba tukiuimba, kisha tunaomba kibaba cha unga. Kwa nini unga? Kwa sababu shule ilitufundisha hivyo. Kila muhula tulikuwa tukiambiwa tulete unga kwa ajili ya wenzetu waliotoka mbali wakalala shuleni, basi katika vichwa vyetu mchango na unga vilikuwa kitu kimoja.

Bibi mmoja alitufokea mlangoni kwake, "Mnakuja kuomba unga kwangu, kwenu mmeacha nini?"

"Tumeacha njaa, bibi," Saidi akamjibu kwa adabu zote. "Ndiyo maana tumekuja kwako."

Bibi akacheka mpaka akashika mlango, akatupa vibaba viwili. Ndivyo tulivyokwenda, tukapita mpaka vijiji vya jirani. Waliotoa hawakuwa na ziada. Nataka ulijue hilo, mwanangu, maana katika habari hii hakuna mtu mchoyo aliyefunga mlango. Watu walitoa, na walitoa kwa huruma ya kweli.

Basi siku hiyo ninayoikumbuka tukawaita wageni waje uwanjani kwa Mjomba, watu wamejaa. Tukavitua vikapu miguuni kwao. Saidi akatoa hotuba kwa Kiswahili, akiwaelekea watu. Atija aliutazama ule unga, akamtazama mama yake, na yule kikongwe akafungua kanga aliyojitanda, akaitandika chini ili unga umiminwe. Amadi akasimama, akashukuru kwa maneno mengi, akaiombea heri kila nyumba ya kijiji. Wanawake wengine walifuta machozi. Tulijiona tumefaulu kuliko wakubwa wetu. Mjomba Selemani peke yake hakusema kitu. Alikuwa anatazama ardhi, anachora kwa fimbo.

Kesho yake jua limeshatoka, nikipita na ndoo yangu kwenda kisimani, nikaona banda liko kimya. Nikachungulia. Sakafu imefagiwa. Majivu yamezolewa. Vyungu tulivyowaazima vimeoshwa vikafunikwa mlangoni kimoja kimoja, kama anavyofanya mgeni mwenye adabu anapoondoka. Nilitupa ndoo nikakimbia kwa Mjomba, nikamkuta ameketi barazani hata hajanawa uso.

"Mjomba, shikamoo. Wageni wameondoka."

"Marahaba. Najua."

"Wamekwenda wapi? Si tumewapa unga jana tu?"

Akaniuliza, "Mpwa wangu, mgeni akiwa anakaa nyumbani kwenu, mama yako humpa nini?"

"Humpikia ugali."

"Na akiwa anaondoka?"

Hapo nikaelewa. Maana kila mtoto wa kwetu alilijua jambo hilo, na sote tulikuwa tumelisahau. Anayekaa hupewa chakula kilichopikwa, ale na wenye nyumba. Unga mkavu hupewa anayeondoka, ufungwe kwenye nguo umsitiri njiani. Wamakua nao ni hivyo hivyo. Tulikuwa tumewaita wageni mbele ya kijiji kizima, jumbe yupo, tukawamiminia unga wa safari, tena kwa nyimbo. Wangeelewa nini? Akufukuzaye hakwambii toka.

Nilipoifikiria mimba ile ya Atija, na pori lililoko kati yetu na Nachingwea, ambako kila asiye na shamba alikwenda kutafuta kibarua, na simba waliokuwamo siku hizo, nilianza kulia. Kisha likanijia jambo jingine. Mpwa hamuulizi mjomba wake maswali ya kumshtaki, mwanangu. Mimi nilimuuliza.

"Mjomba, ulijua jana? Pale pale uwanjani?"

Hakunikaripia. Aliiweka fimbo yake chini, akasema, "Nenda kwa mama yako. Mwambie apike ugali mkubwa, na mboga yoyote iliyopo. Halafu mwite Saidi." Yeye akaingia ndani, akatoka na jembe lake begani.

Tukashika njia ya Nachingwea, Mjomba mbele, Saidi katikati, mimi nyuma na chungu cha ugali kichwani. Jua lilikuwa kali tayari tulipowaona. Hawakuwa wamefika mbali, maana Atija miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa ameketi chini ya kichaka, watoto wamemlalia mapajani. Amadi alipomwona jumbe anakuja na jembe begani alisimama haraka akajiweka mbele ya mkewe. Namna alivyosimama vile, na mikono yake ile, ilinifundisha mambo mengi kuhusu Mreno kuliko wimbo wetu wote.

Mjomba akalilaza jembe chini. Akaniashiria niutue ugali. Akanawa, akaketi mavumbini, akamega tonge kwanza yeye, kisha akawakaribisha. Ugali ulikuwa umepoa. Watoto ndio walioanza, kisha kikongwe, na mwisho Atija akaanza kumlisha mumewe. Walipokwisha kula, Mjomba akazungumza, Saidi anafasiri.

"Hawa watoto walitoa unga kwa moyo safi," alisema. "Hawakujua walitendalo. Mimi nilijua. Nilikuwa naogopa njaa, na naogopa kumkataa mgeni nikasemwa vibaya. Nilipouona ule unga nikaona unanifanyia kazi yangu. Nikanyamaza. Aliyewafukuza ni mimi."

Nilitamani Saidi asiifasiri. Sijawahi kumsikia mzee mwingine akisema hivyo mbele ya watoto, na nilimwonea huruma Mjomba wangu kama nilivyowaonea wao. Akaendelea kusema kwamba kuna shamba la mama yake lililolala kando ya kijito, na kwamba jembe lile ni lao. "Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimechelewa. Naomba mrudi."

Amadi alisema kwamba wanakwenda kutafuta kibarua kwa Wazungu, na sote tukaitazama mikono yake. Kisha Atija akanyoosha kidole kwangu. Alimwambia Saidi jambo, na Saidi, mdomo wote ule, akasita kulifasiri.

"Anasema wewe ndiye uliyekuwa ukiimba kuliko wote. Anauliza, wimbo ulikuwa unasema nini?"

"Mwambie tulikuwa tunawaambia watu wawahurumie."

Atija akatikisa kichwa, akajibu, na Saidi akafasiri. "Anasema hayo mliwaambia watu. Sisi mlituambia nini?"

Jioni zote zile tulipita kila mlango wa kijiji isipokuwa mlango wa banda lao. Tuliimba viganja vya Amadi kwa watu ambao Amadi hakuwajua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameketi naye akamwambia neno.

Nikapiga magoti pale pale njiani. Nikasema kwa Kiswahili changu cha darasa la nne, "Mama, kaeni kwetu. Tunataka mkae."

Saidi alipofungua mdomo kufasiri, Atija aliinua mkono kumzuia. Alikuwa ameelewa. Alimgeukia mama yake akamwambia neno moja, na yule kikongwe, bila kumngoja mtu, akashika fimbo yake akaanza kurudi tulikotoka.

Walikaa. Sitakudanganya kwamba njaa iliondoka kwa sababu hiyo. Mwaka ule tulilala na uji mwepesi mara nyingi, na walikuwapo majirani walionung'unika mpaka mavuno. Atija alijifungua mvua za kwanza zikiwa zinanyesha, mama yangu akiwa mkunga wake, na mikono ya Amadi ilipona kiasi cha kushika mpini. Mjomba Selemani hakulitaja tena jambo lile, wala mimi sikulitaja mpaka alipokufa. Lakini tangu siku hiyo, akifika mgeni kijijini, alikwenda mwenyewe mlangoni kwake kumpa kauli, hata kama kauli yenyewe ilikuwa nzito.

Basi hili ndilo neno langu, mwanangu. Changisheni. Imbeni, pazeni sauti, waambieni wakubwa wasikie, kwa maana bila kelele za vijana wazee tunapenda kulala. Lakini kabla hujamsemea mtu kwa watu, nenda ukaketi naye. Kula chakula chake kidogo naye ale chako. Muulize jina lake na la mama yake, si mateso yake tu, maana mtu aliyekimbia kwao amechoka kuwa habari ya mateso. Na unapompa kitu, angalia mkono wako unasema nini. Wako watu wanaotoa ili mgeni akae, na wako wanaotoa ili wasimwone tena, na gunia ni lile lile. Nawe ukikua ukapata cheo, ukaona wema wa wenzako unaelekea kumfukuza mnyonge, usinyamaze ukachora chini kwa fimbo. Sema siku hiyo hiyo, kwa sababu mjamzito hawezi kungoja uone haya kwanza.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja na hayo magunia. Mola akupe cha kutoa, na akupe ulimi wa kukaribisha, maana kimoja bila kingine hakitoshi. Akulinde usikimbie kwenu. Na ikiwa imeandikwa ukimbie, akufikishe kwa watu watakaokutazama usoni wakuambie kaa. Amina.