Mlio wa Simu Yangu

Miaka ile ya misako ya pasipoti Guangzhou, Uchina, nilikuwa na simu ya spika nne. Nilinunua nguo mtaa wa Guangyuan Xilu kwa ajili ya duka letu la Mwanza; viza ilikuwa imekwisha miezi mingi, lakini majivuno hayakuwa yamekwisha. Simu ikiita, jengo zima la maduka lilijua. Na mlio niliouweka ulikuwa wimbo wa Mama.

Mama, ndivyo tulivyomwita wote, alikuwa mwimbaji wa bendi tangu sisi hatujazaliwa. Sasa alikuwa ananunua magauni, na viza yake ilikuwa imekwisha kama yangu. Wimbo uliompa jina, akiwa na miaka ishirini, ni wa mke anayempangia mumewe nguo sandukuni aende zake kwa mwanamke mwingine. Anamkumbusha asisahau sweta. Watu wakaucheza harusini! Mwenyewe hakupenda hata kuusikia.

"Mwanangu, badilisha hiyo ringitoni," aliniomba zaidi ya mara moja. "Ile sweta niliikunja kweli, kwa mikono hii."

Nikacheka, nikamwambia, "Mama, huo ni wimbo wa taifa." Nilidhani ndiyo heshima hiyo.

Siku moja, saa sita mchana, polisi wakaingia kwenye jengo tukiwa dukani. Laoban, yaani mwenye duka, akatusukumia stoo, mimi na Mama, tukajibanza nyuma ya marobota ya suruali. Viatu vikafika mlangoni, vikasimama, vikaanza kuondoka. Hapo simu yangu ikaita.

Sauti ya msichana wa miaka ishirini ikajaa stoo nzima. Nikapapasa kitufe cha kuizima, nisikione. Mama akaninyang'anya simu, akanikandamiza chini kwa mkono wa pili, akatoka nayo ikiimba. Nikamsikia akisema kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba wangemwelewa: "Niko peke yangu, baba."

Hawakutafuta zaidi. Nilibaki nimezika uso kwenye suruali, na niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Mama akakamatwa, akafukuzwa nchini. Jumapili iliyofuata, kwenye mgahawa wetu Waswahili, mtaa wa Dengfeng, habari zilikuwa zimenitangulia.

"Bibi kaponzwa na sauti yake mwenyewe!" alisema mmoja. "Uzee wote ule, bado anaringia wimbo wa zamani."

"Manze, mathe alikuwa anajiskiza hadi akashikwa!" akadakia Mkenya wa meza ya pili.

Watu wakaangua kicheko. Yule wa kwanza akanigeukia: "Si nawe ulikuwa jengo lile? Ilikuwaje hasa?"

Nilikuwa na wali mdomoni. Nikaumeza.

"Ndiyo hivyo hivyo," nikasema. "Wasanii bwana, hawajui kuzeeka."

Wakacheka upya, nami nikacheka kuliko wote.