Mbegu Niliyoisaga Nikingoja Lori

Bado naikumbuka siku ile niliyosaga mbegu, mwanangu, hata kama leo unanisikiliza huku sikio moja liko barabarani. Kila lori likitokea upande wa Luano unainuka, ukidhani ni mbolea ya serikali. Simu ikilia unadhani ni agronomu, bwana shamba wenu. Na kupanda hujapanda! Nikikuona hivyo moyo wangu hautulii, kwa hiyo acha niseme.

Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule. Kabla ya mvua, agronomu alikuja kijijini kwetu, akaandika majina ya wote waliolima mahindi. Serikali ingetupa ruzuku, alisema: mbolea na mbegu za kisasa, lori zima. Jina langu liliandikwa vizuri kabisa, nami nikajiona mtu mkubwa.

Mama mkwe wangu alikuwa amesafiri kwenda kwenye msiba, huko kaskazini. Jikoni, juu ya moto, alikuwa ametundika mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi, ili wadudu wasiyaguse. Mimi na ujuaji wangu niliyaonea aibu. Ya nini tena, na mbegu za serikali ziko njiani? Nikayashusha, nikayapukuchua, nikayapeleka kwenye mashine ya kusaga. Tulikula bukari, ugali wetu, wiki nzima, na majirani niliwagawia.

Mvua ikaanza. Lori hakuna. Nilikuwa natoka barabarani, narudi, natoka tena, hata nguo moja siwezi kumaliza kufua. Majirani walipanda na mahindi yao yakachipua. Shamba letu lilikuwa limelimwa tayari, lakini tupu.

Mama mkwe aliporudi, aliangalia juu ya moto kabla hata ya kutua mzigo.

"Mbegu yangu iko wapi?"

"Mama, nilisaga. Serikali italeta ingine. Baliandika jina yangu."

Alitua mzigo chini, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Mutoto wangu," akasema, "jina yako iko kwa karatasi. Mu shamba muko nini?"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alizunguka kwa ndugu zake akiomba mbegu, akarudi na bakuli moja tu, tukapanda kipande kando ya kijito. Lori lilifika mahindi ya wenzetu yakiwa yameshatoa maua. Mbegu zilikuwa nzuri kweli. Nikazipanda hivyohivyo, mvua ikakatika kabla hazijazaa.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya kaka yako mkubwa. Tukikaa kula, mama mkwe alisukuma sahani yake upande wangu, akisema ameshiba. Alikuwa hajaonja kitu. Nilijua, na nilikula. Mpaka leo naona haya.

Sikuambii ukatae msaada, mwanangu. Jiandikishe. Mbolea ikija, ichukue, ni haki yako. Ikichelewa, nenda ukaulize, tena kwa sauti. Lakini mbegu uliyo nayo ndani ipande leo, udongo ungali na unyevu. Mbolea ikichelewa itayakuta mahindi yamesimama, utayamwagia hapohapo. Mvua ikishapita imepita, hakuna ofisi ya kwenda kuidai. Una mke na watoto wawili.

Mungu aibariki mikono yako, na nyumbani kwako, yeyote atakayesema ameshiba, awe ameshiba kweli.