Jina la Mstari wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Mkuu wa Kituo alinipa andiko lililokataliwa, akaniambia nilisome mpaka nijue lilifia wapi. Andiko, kwa ninyi mnaoanza, ni maelezo ya utafiti unaotaka kuufanya: swali lako, njia zako, watu wako na gharama zake. Mfadhili akiridhika nalo, anakuwezesha. Nilikaa kwenye benchi la nje nikasoma mpaka macho yakaniuma, kisha nikarudi kumwambia ni zuri, sijaona kosa.

"Limelia mno," akasema. "Kurasa zote za mwanzo ni shida zetu. Ukilia watakupa pole tu, binti. Waeleze jambo ambalo hawalijui, na kwa nini wewe ndiye wa kulitafuta."

Kituo chetu cha Mwanza kilichunguza magonjwa ya watu wa kando ya ziwa. Nilianza maabara, nikapelekwa Misungwi kupokea vikopo vya choo kutoka kwa watoto wa shule ili vipimwe kichocho, kazi ambayo nyumbani nilikatazwa kuisimulia mezani. Ofisa Maabara wa huko, mama mkali mwenye miwani ya kamba, hakuturuhusu kuita vikopo vile mizigo. Alisema kila kimoja kina mwenyewe aliyekubali kuona aibu kwa ajili yetu. Niliporudishwa Mwanza kuwa mratibu wa maandiko, nilikuja na maneno yake. Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya wafadhili, kufuatilia kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati inayolinda watu wanaofanyiwa utafiti, na kuwafundisha watafiti vijana kuandika. Nimefuta sentensi za madaktari wengi, na wengi walininunia.

Sundi hakuwahi kuninunia. Alikuwa mtafiti kijana, mtoto wa wavuvi wa dagaa, na swali lake alilitoa nyumbani. Dawa ya kichocho ilipelekwa shuleni, watoto wakanywa, lakini wavuvi wanaoshinda majini hawakuinywa. Kaka yake Masalu alikuwa mmoja wao. Tumbo lilishaanza kumvimba, na Sundi alishampelekea dawa mara kadhaa.

"Anasema hawezi kunywa peke yake kama mgonjwa, mwaloni wakamcheka," aliniambia. "Anasema wenzake wakinywa, naye atakunywa."

Mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapouzwa. Sundi alitaka dawa ipelekwe hapo asubuhi, wavuvi wakitoka ziwani, pamoja na chakula, maana ikinywewa tumbo likiwa tupu inaleta kizunguzungu. Je, wangekunywa wote? Hilo ndilo lilikuwa andiko lake, na nilipolisoma sikuwa na cha kufuta.

Isipokuwa mstari wa kwanza. Ufadhili ule ulitangazwa kwa watafiti chipukizi, na tangazo lilitaka chipukizi mwenyewe awe mtafiti mkuu, yaani mwenye kuongoza kazi na kuijibia. Sundi alikuwa ameandika jina la Mkuu wa Idara yake. Lake aliliweka chini, kama msaidizi.

"Mwanangu, hapa wanakutaka wewe," nikamwambia.

"Mama, mzee ndiye aliyenipokea sijui hata kushika darubini. Leo jina langu likae juu ya lake? Nyumbani watasema elimu imenitoa adabu."

"Wafadhili hawako nyumbani kwenu. Wanasoma walichoandika kwenye tangazo lao."

"Wataona tu kwamba kazi ni yangu."

Nilirudia siku iliyofuata, akainamisha kichwa, akasema ndiyo mama, na hakubadilisha. Andiko ni la mwenyewe. Mratibu hushauri tu. Mkuu wa Idara alikuwa safarini, akaliidhinisha kwa simu pamoja na mengine.

Jibu lilikuja upesi, na jibu la upesi katika kazi yetu si zuri. Andiko halikukidhi vigezo. Halikufika hata kwa wahakiki, wale wanaosoma na kutoa alama. Mkuu wa Idara aliporudi alimwita Sundi, nami nikiwepo.

"Nani alikwambia nataka kukaa juu?"

"Hakuna, mzee."

Alivua miwani. "Mimi pia nilimfanyia hivi mkubwa wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Tusubiri tangazo la mwakani. Utaandika jina lako, na mimi nitaandika barua ya kukuunga mkono."

Masalu hakusubiri. Alitapika damu mwaloni asubuhi, dagaa wakiwa bado kwenye nyavu, na hospitalini ilionekana ini lilishaharibika. Tulikwenda kumzika. Sundi hakulia mbele yetu. Alizunguka akiwahudumia wageni chakula, na kila mvuvi aliyempa sahani alimtazama tumboni.

Tangazo lilipotoka tena aliandika jina lake mstari wa kwanza, akapata. Ofisini hakuna aliyeshangilia. Nilimshika mkono tu.

Sasa nimestaafu, niko Mkolani na kuku wangu. Vijana huja na kompyuta zao, shikamoo mama, marahaba wanangu, na mimi huanza na mstari wa kwanza. Nauliza kazi hii ni ya nani. Anayesita, namsimulia asubuhi ya kwanza ya utafiti wa Sundi.

Mitumbwi ilikuwa imefika. Tulipika uji sufuria kubwa, wavuvi wakasimama mmoja mmoja kwenye ubao wa kupimia kimo ili kujua kiasi cha dawa, wakitaniana nani mfupi. Walikunywa wote, hata wakorofi. Mama yake Sundi alikuja akasimama kando yetu akiwatazama. Wakamsalimia, akaitikia.

"Kumbe wanakunywa," akasema.

"Wanakunywa, mama," Sundi akajibu.

"Si Masalu alisema wakinywa wenzake naye atakunywa?"

"Alisema."

"Na dawa hii mwaka jana ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mama."

Mama akageuka kunitazama mimi, kwa kuwa ndimi mzee mwenzake pale. "Sasa mlikwama wapi?"

Mimi niliyefundishwa kutafuta mahali andiko lilipofia, nilipajua. Sundi alikuwa ameinamisha kichwa, vilevile kama siku ile ofisini kwangu. Nikachota uji, nikampa mama yake kikombe.