Kikao cha Familia Juu ya Tenisi Yangu

Tangu nilipoolewa, familia ya mume wangu imeniitia kikao mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa kunikaribisha. Mara ya pili ilikuwa juu ya tenisi.

Sijawahi kushika raketi hata siku moja. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, mgongo wangu unaelekea barabarani na uso wangu unaelekea mlango wa sebule, mahali tele, televisheni yetu, ilipokuwa. Nilijipanga hivyo kwa makusudi.

Mchezo huo niliukuta hospitali. Mama yangu mzazi alikuwa amepasuliwa tumbo, nami nilikaa kwenye chumba cha kungojea, ambako kulikuwa na tele iliyofungwa juu kabisa ukutani. Hakuna aliyejua rimoti yake ilipo, kwa hiyo ilionyesha tenisi tangu asubuhi. Wengine waliipa mgongo. Mimi niliangalia kwa sababu macho yangu yalihitaji pa kwenda. Kulikuwa na mchezaji mmoja mrefu, si kijana tena, ambaye alikuwa amepoteza seti mbili. Watangazaji, kwa Kifaransa chao cha haraka, walikuwa wamekwisha kumzika. Walianza hata kuongea juu ya mechi inayofuata. Yeye akakaa kitini, akabadilisha shati, akanywa maji, akarudi uwanjani kama mtu anayekwenda kazini. Alishinda. Ilichukua muda mrefu sana, hata daktari alikuwa amekwisha kutoka kutuambia kwamba mama ameamka, na mimi nikamwona mama, nikarudi, nikakuta bado wanacheza.

Kwenye mpira wa miguu, anayeongoza anaweza kulala chini ameshika goti mpaka saa iishe. Kwenye tenisi saa haimsaidii mtu. Anayeongoza lazima aipate ile pointi ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka aipate, anayepigwa bado yumo. Kwetu nilikuwa nimeona watu wengi wakihesabiwa wamekwisha kabla ya wakati wao. Nikaamua kwamba yule mrefu atakuwa wangu.

Mwaka ninaousimulia ulianza kama miaka mingine, huko Australia, ambako usiku wao ni asubuhi yetu. Nilikuwa nashona huku nikiangalia. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapandisha samaki kutoka ziwani kupitia Bogoro mpaka hapa Bunia, na siku nyingi hayupo. Aliyekaa na mimi barazani alikuwa shangazi yake, mama mzee ambaye sote tulimwita tantine. Alikuwa na shamba la viazi na maharagi upande wa Kpandroma mpaka vita ilipomtoa. Alifika kwetu na kitenge kimoja mwilini na kuku mmoja chini ya kwapa. Miezi ya kwanza karibu hakuongea kitu. Alichambua maharagi tu, na akimaliza yetu alichambua ya majirani.

Asubuhi moja aliinua kichwa.

"Ule wa kofia anamukasirikia nani?"

"Anajikasirikia mwenyewe, tantine."

"Basi anamaliza nguvu bure. Mwenzake iko anamungojea tu."

Ilikuwa kweli. Yule wa kofia alivunja raketi yake na kupoteza mechi. Tangu siku ile tantine alisogeza kiti chake karibu na mlango, na kila asubuhi, kabla ya chai, aliuliza kama wale watu wa huko mbali wameamka.

Katika lupango letu, kiwanja kimoja, kuna nyumba mbili zinazotazamana. Ya pili ni ya kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu, ambaye ndiye kichwa cha familia. Swichi kubwa ya umeme wa lupango lote iko ukutani kwake. Yeye ni mtu wa mpira wa miguu, na tenisi ilimkera kama mchanga ndani ya bugali.

"Muke ya leki yangu," alikuwa akiniambia mimi, mke wa mdogo wake, akipita, "ule mupira yenu hata goli hakuna. Watu wanakufa kule Djugu, weye uko unawahesabia wazungu pointi."

"Na weye, shemeji, kila samedi uko unawahesabia nani?"

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mechi zake. Neno hilo aliliweka moyoni.

Msimu wa viwanja vya udongo mwekundu ulipofika, mrefu wangu alikuwa akipoteza kila mahali. Alipoteza kwenye mashindano madogo ambayo tele haikujali kuyaonyesha, na mimi nilisoma matokeo kwenye simu kama mtu anayesoma habari za ndugu aliye safarini. Kule Paris ilibidi apite mechi za kutafuta nafasi, pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Akapita.

Mechi yake ya kwanza kubwa iliangukia siku ambayo shemeji alikuwa akipokea wageni kutoka Boga. Walikuja kuongea mahari ya binti yake wa kwanza. Niliamka mapema kuliko wote. Nilichinja kuku, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, nikapika wali, nikapanga sahani. Bugali peke yake ndiyo ilingoja, kwa sababu bugali hailiwi baridi. Kufikia saa za alasiri wageni walikuwa bado katika maneno ya salamu, na mrefu wangu alikuwa katika seti ya tano, ya mwisho. Nikaingia sebuleni kwangu na kusimama mbele ya tele, mwiko mkononi.

Shemeji alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Wageni wanangoja maji ya kunawa. Zima ile kintu."

"Mungoje kidogo. Iko mwisho."

"Nimesema zima."

"Hapana," nikasema.

Sikuwa nimewahi kumwambia neno hilo. Yeye pia alishangaa; alisimama pale akiniangalia kana kwamba nilikuwa nimeongea Kichina. Kisha akageuka, akavuka lupango, akaingia kwake, na tele yangu ikawa nyeusi. Alikuwa amezima swichi kubwa. Alijikatia umeme yeye na wageni wake ili mimi nisione.

Nilitoka mbio. Nilivuka barabara nikiwa na aproni yenye madoa ya mawese na mwiko wangu, nikaingia kwa kinyozi, ambaye alikuwa na tele iliyokuwa ikicheza muziki. Wanaume wote waligeuka.

"Weka tenisi," nikamwambia.

Kinyozi aliangalia mwiko. Akamwacha mteja wake nusu kichwa, akaweka tenisi. Mrefu wangu alikuwa anaanzisha mpira. Miguu ilikuwa imemkakamaa, alisogea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine, na bado alikwenda mbele mpaka wavuni, ambako hakuna aliyemtegemea. Mpira wa mwisho uligusa mstari. Nilipiga kelele ambayo nafikiri wageni wa Boga waliisikia. Yule mteja wa nusu kichwa alipiga makofi bila kujua kwa nini.

Nikarudi, nikasonga bugali, nikapeleka maji, nikapiga magoti, nikawanawisha wageni wote mikono mmoja mmoja. Baba wa kijana anayetaka kuoa aliniuliza kwa upole, "Mama, zile mbio zilikuwa za nini?"

"Za tenisi, baba."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimemtajia jina la ugonjwa. Wakala, wakaongea mahari, wakapatana.

Kikao kiliitishwa dimanche iliyofuata, baada ya ibada. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka ziwani. Tulikaa sebuleni kwa shemeji: yeye, mume wangu, wazee wawili wa ukoo, mimi, na tantine kwenye mkeka karibu na ukuta. Shemeji alieleza kosa langu kwa urefu. Aliongea juu ya heshima, juu ya wanawake wa siku hizi, juu ya tele zinazoharibu nyumba. Alipomaliza, wazee wakaniambia niongee.

"Wageni walinawa?" nikauliza.

"Walinawa," akasema shemeji.

"Chakula kilikuwa moto?"

"Kilikuwa moto."

"Mahari iliongewa?"

"Iliongewa."

"Basi kosa iko wapi?"

Nitamheshimu kwa jambo hili moja, kwamba alisema ukweli. "Kosa ni kwamba ulisema hapana."

"Basi hiyo siombei musamaha. Niko mu hii lupango miaka yote hii. Nimepika kwa matanga, nimepika kwa ndoa, nimelaza watu waliokimbia vita mpaka watoto wangu wakalala chini. Sikuwahi kusema hapana. Nilisema moja tu, na chakula ikafika moto."

Mzee mmoja akakohoa. Hapo tantine akaomba neno. Hakuna aliyetegemea, maana hakuwa mtu wa kuongea mbele ya wanaume.

"Miye tangu nikimbie," akasema, "kila mutu akinikuta ananiuliza juu ya kifo. Nani alikufa, alikufa namna gani, nyumba iliungua saa ngapi. Muke huyu peke yake ndiye anakuya asubuhi kuniuliza kama niliona ile servis ya ule murefu. Mukimukataza, munanikataza na miye."

Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yaligeuza kikao. Hayakukigeuza. Wazee walinong'onezana, kisha wakaamua kwamba nisitozwe kuku wa faini, kwa ajili ya tantine, lakini tele ihamie nyumbani kwa kaka mkubwa ili amani irudi. Mume wangu aliibeba mwenyewe. Nilimfungulia mlango ili asikwaruze kioo.

"Ni yaya wangu, mukubwa wangu," aliniambia aliporudi. "Ningesema nini?"

"Ungesema hapana. Ni neno fupi."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kwa hiyo mashindano ya nyasi ya London niliyafuata kwa tarakimu. Nilinunua mega za intaneti na kufungua ukurasa ambao hauonyeshi picha, ni namba tu zinazobadilika. Niliiegemeza simu kwenye cherehani na kusoma kwa sauti, kwa Kifaransa kama tunavyohesabu kila kitu hapa: "Kenze-trante. Trante partu," yaani kumi na tano kwa thelathini, kisha thelathini kila upande. Tantine alifumba macho kusikiliza. Namba zikikaa muda mrefu bila kubadilika alisema, "Hawa wanapigana." Zikibadilika haraka alisema, "Huyu amechoka." Mara nyingi alisema kweli. Ng'ambo ya lupango tele yangu iliongea juu ya kununuliwa na kuuzwa kwa wachezaji wa mpira, na sauti yake ilipozidi, mimi nilizidisha yangu.

Mrefu alipoteza kwenye nyasi. Akapoteza tena huko Amerika, katika mechi ya kwanza, na akasema anaacha. Shemeji aliisikia habari kwenye radio kabla yangu, akavuka lupango lote kuniletea, uso wake umenawiri.

"Mutu wako ameacha."

"Asante, shemeji. Nimesikia."

Alisubiri nilie. Nilikuwa na rundo la sare za shule mbele yangu, maana masomo yalikuwa yanaanza, na Bunia nzima ilikuwa inataka mashati meupe kwa siku moja. Nilililia shati moja, kidogo, baada ya yeye kuondoka. Tantine alinipa mgongo ili nisione haya. Halafu akauliza, "Lakini wengine bado wanacheza?"

"Bado, tantine. Mpaka Novemba."

Sare zile zote, nilipolipwa, zilininunulia tele ndogo, dekoda na paneli ya jua. Mume wangu alipanda juu ya bati kufunga paneli bila kuambiwa na mtu. Shemeji alitoka akasimama uani akimtazama, mikono kiunoni, na mume wangu akaendelea kukaza waya. Hatukuiweka sebuleni. Tuliiweka barazani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, imeelekea lupango lote.

Mechi ya kwanza tuliyoiona ilikuwa ya vijana wawili ambao sikuwajua hata mmoja. Nilimchagua aliyekuwa anapigwa. Wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua nguo zao, wakauliza kama ziko tayari. Niliwaonyesha benchi.

"Muikale," nikawaambia. "Kunabaki vifungo. Nitavishona hii mechi ikiisha."

Wakatazamana. Mmoja akaondoka akinung'unika. Mwingine akakaa karibu na tantine, ambaye alianza kumweleza, tangu mwanzo na bila haraka, kwa nini wanasema kenze, kumi na tano, wakati mtu ameshinda pointi moja tu.