Waya wa kwa Deng

Watu wangu, ni mchana kweupe hapa Kakuma na mimi naogopa kurudi ndani.

Leo nimeweka daraja la mtandao, la kuunganisha nyaya, kwenye kompyuta yangu ya Linux, ndio ya dada yangu Akiru nayo ipate intaneti. Kuna waya wa zamani umepita ukutani kutoka kwa jirani yetu Deng. Nikauchomeka pia, kujaribu tu.

Kompyuta ikaonyesha kuna mashine upande wa pili wa waya inajibu.

Na Deng alirudi Juba kitambo, nyumba imefungwa!

Mama mwenye nyumba akanifungulia. Vumbi tu. Waya unaning'inia, haujachomekwa popote.

Nikamwita Akiru, aliyebaki kwa kompyuta yetu ng'ambo ya ukuta: "Akiru, bado inajibu?"

"Inajibu! Tena sasa haraka kuliko mwanzo."

Mama akanivuta nje, akafunga mlango.

Nani ako Lodwar anipe pa kulala leo?